Marehemu wa Daluni

Nilikuwa nimeamua kumsamehe baba yangu, na msamaha wangu ulikuwa na silinda sita.

Nilikuwa nimestaafu ualimu, nina muda na nguvu bado ninazo. Nyuma ya nyumba yetu ya Raskazone kulikuwa na Landrova iliyokaa juu ya mawe miaka kumi na tatu, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Baba yangu, Mzee Timotheo, alikuwa fundi mkuu wa magari kwenye shamba moja la mkonge karibu na Maramba. Shamba lilipofungwa, Landrova hiyo iliuzwa kama mzoga. Akainunua, akaijenga upya kwa miaka miwili, akanipa siku nilipopata ajira. Kaka zangu walinuna. Kila Jumamosi niliipandisha Maramba kwenda kuwaona wazazi, kiwiko kiko dirishani, nikijiona malkia wa Mkinga.

Kisha baba akaiua injini yake.

Ndivyo nilivyoambiwa. Mwaka 2011 nilikwenda Morogoro wiki tatu kusahihisha mitihani. Baba akaja kuliazima gari abebe mabati ya kanisa, akalirudisha siku ya Ijumaa. Niliporudi nikalikuta juu ya mawe, halina injini. Mume wangu Edgar alinikalisha chini kwa upole, akanishika mkono.

"Mama Ritha, mzee amezeeka," akaniambia. "Ameliendesha bila maji kutoka Maramba mpaka hapa. Injini imenoki, bloku imepasuka. Nimewapa watu wa chuma chakavu. Ningeiacha ingekuumiza roho tu."

Mimi nina hasira za karibu. Kila niliyemfundisha Tanga hii anajua. Kesho yake nilipanda basi mpaka Maramba, nikamkuta baba uani ananoa jembe. Hata shikamoo sikumpa. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika yote. La mwisho lilikuwa hili: "Fundi gani wewe usiyejua kuangalia maji? Usiguse tena gari la mtu, utaua watu." Akaliweka jembe chini. Mama alikuwa mlangoni, ungo mkononi, akarudi ndani.

Tangu siku hiyo baba hakushika spana. Vijana walimletea pikipiki zao, akawarudisha nazo. Na Jumamosi zangu zikaisha. Nilikwenda Krismasi, nilikwenda Pasaka, nilikwenda kumzika mama mwaka 2015 na siku ya tatu nikageuza. Nyumbani injini ile tukaizoea kuiita marehemu. Edgar ndiye aliyeanza, na tulikuwa tunacheka.

Sasa baba ana miaka themanini na minne, macho yanafifia, na mimi nimekua vya kutosha kuona haya. Nikasema nitalifufua gari, nitakwenda kumchukua aje akae nami, na nitamwambia: Baba, yamepita. Nilikitaka kitu hicho kuliko chochote nilichowahi kukitaka tangu mama azikwe.

Fundi niliyempata anaitwa Uweso, Mdigo mwenye gereji yake Ngamiani, mdomo wake haupoi. Aliniuliza nataka injini ya namna gani.

"Kubwa," nikamwambia. "Ambayo hata baba yangu hawezi kuiua."

Tulicheka wote wawili. Leo nikikumbuka kicheko kile natamani kujizaba kofi.

Alinitafutia injini ya Toyota, ya dizeli, silinda sita, iliyotoka kwenye gari lililopinduka. Landrova yetu ilizaliwa na silinda nne, kwa hiyo ilikuwa ni kumwingiza ng'ombe kwenye banda la mbuzi. Rejeta ilisogezwa mbele. Maunting za kukalia injini zilichongwa upya. Ukuta wa chuma ulio mbele ya miguu ya dereva ukakatwa na kuungwa tena, na hata hivyo bonet iligoma kufunga mara mbili. Edgar alikuwa akipita gereji jioni akitoka kazini. "Kwani lazima?" aliniuliza zaidi ya mara moja. "Si ununue tu gari jingine, uachane na kopo hili?" Nikadhani ananionea huruma.

Siku ya kutoa gia boksi ya zamani Uweso aliniita. Alikuwa ameikwangua grisi, kidole chake kiko juu ya herufi T yenye nukta tatu chini yake, zimegongwa kwa tindo.

"Mwalimu, alama hii ya nani?"

"Ya baba. Kila alichokijenga kwa mkono wake alikigonga hivyo."

Akajikuna shingo. "Nishaiona mahali. Daluni, kwenye mashine ya kusaga ya Hatibu. Mashine ile inazungushwa na injini ya Landrova, dizeli kama ilivyokuwa hii yenu. Niliitwa mwaka jana kufunga pampu. Alama iko kwenye bloku."

"Baba amefungua Landrova zote za shamba, Uweso. Usinifukulie makaburi."

Nilimjibu hivyo, lakini usingizi ulinipaa. Kadi ya gari iko kabatini mwangu, na namba ya injini imeandikwa ndani yake. Asubuhi niliitia kadi kwenye mkoba, na haikutoka humo mpaka gari lilipokamilika.

Lilikamilika mwezi wa kumi na moja. Jumamosi nililiwasha, Uweso kando yangu asikilize gia, na Edgar akasimama getini kutuaga. Aliuliza tutapitia wapi. Nikamwambia Maramba tu, basi. Sijui kwa nini nilimficha, sina desturi hiyo. Vilima ambavyo zamani tulikuwa tunavipanda kwa gia ya pili na sala, safari hii tulivipanda tunazungumza. Tukapita Maramba bila kusimama, tukaendelea mpaka Daluni.

Mashine ya Hatibu ni kibanda cha bati, wanawake wamepanga ndoo za mahindi mlangoni. Injini iko nyuma, juu ya msingi wa saruji, mkanda unaingia ndani kupitia tundu la ukuta. Ilikuwa imejaa vumbi la unga mpaka imekuwa nyeupe. Hatibu mwenyewe ni mtu wa makamo, mpole, kofia yake nayo nyeupe kwa unga. Nilimwomba aizime kidogo. Wanawake wakaguna, akawatuliza, akaizima. Uweso akaifuta bloku kwa kitambaa, akaanza kunisomea namba moja moja, na mimi naifuata kwenye kadi. Tulipofika tarakimu ya mwisho namba zilikuwa zimelingana zote, na Uweso akakitia kitambaa mfukoni.

"Uliinunua kwa nani?" nikamwuliza Hatibu.

"Kwa bwana mmoja wa Tanga, Edgar. Mwaka wa kumi na moja huo. Alikuja akiiendesha mwenyewe, Mwalimu. Nzima kabisa, stata mara moja tu inaitika. Tuliitolea hapahapa uani, bodi likavutwa na lori kurudi Tanga."

Nilimwomba aiwashe tena. Iliitika mara moja, kama alivyosema. Nikampigia Edgar.

"Baba Ritha, unasikia?" Nikaisogeza simu karibu na injini.

"Nini hicho?"

"Marehemu wako. Amefufuka, anasaga sembe Daluni."

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake. Kisha akasema, "Ruthi." Hakuwa ameniita kwa jina langu tangu Ritha azaliwe. "Kila Jumamosi ulikuwa huko. Nilioa mke, nikapata dereva wa baba yake. Kila mtu ananiita mkwe wa Mzee Timotheo, kama sina jina. Nilitaka ukae nyumbani, basi. Nilijua utanuna wiki mbili, yaishe."

"Miaka kumi na tatu, Edgar."

"Sikudhani utakwenda kumtukana mzee. Hilo si mimi niliyekutuma."

Nilikata simu kabla sijasema neno la kunifungisha jela. Nilisalitiwa, na sina namna ya kulipamba neno hilo. Mwanamume aliyelala ubavuni mwangu, aliyenifuta machozi siku ya mazishi ya mama, alijua siku zote kwamba baba hana kosa, akala ugali wake akalala. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa wanamjua huyu.

Hatibu aliona nimekasirika, na nadhani alitaka kunipoza. "Ila ni injini nzuri, Mwalimu. Ukiacha pampu ya mwaka jana, imenisumbua mara moja tu, gasketi. Alinifungia Mzee Timotheo wa Maramba, mwaka wa kumi na saba. Watu waliniambia ameshaacha kazi, nikamwangukia, kina mama walikuwa wanatembea na mahindi kutwa nzima. Akaja. Alipoona bloku akasimama, akaniuliza niliinunua kwa nani. Nikamwambia. Akamaliza kazi yake, hata soda hakutaka."

Kwa hiyo baba alijua. Miaka saba alijua, na mimi nikaendelea kuwa mjinga wao wote. Nilirudi Maramba naendesha kwa hasira mpaka Uweso akashika dashibodi kwa mikono miwili. Tulipofika sokoni akaomba ashuke anunue ndizi. Yaliyokuwa mbele hayakumhusu, na aliliona hilo mapema.

Baba alikuwa barazani. Alilisikia gari kabla hajaliona.

"Silinda sita," akasema. "Nani kakufungia?"

"Shikamoo, Baba. Ni Uweso, wa Ngamiani."

"Marahaba." Alikuja taratibu, akaniomba nifungue bonet, akapapasa mipira ya maji kwa vidole vyake virefu. "Ana mkono mzuri. Ila feni iko karibu mno na rejeta. Mwambie airudishe kidole kimoja."

"Nimetoka Daluni, Baba."

Mkono wake ukatulia. "Mashine inasaga?"

"Inasaga."

"Vizuri."

Neno hilo ndilo lililonipasua. Nilimpigia kelele mzee wa miaka themanini na minne mbele ya nyumba yake, kwa mara ya pili maishani. Nikamwuliza kwa nini alinyamaza, kwa nini aliniacha nilale na mwongo, kwa nini yeye na Edgar walikaa na ukweli wangu kila mtu upande wake na mimi katikati sijui kitu. Majirani walitoka. Alingoja mpaka pumzi zikaniishia.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Siku ile ulipokuja kunisema, mimi nilikuwa nakumbuka vizuri nilivyoendesha. Lakini ulivyosema wewe, nikaanza kutilia shaka kichwa changu. Mzee akiambiwa amesahau, atajuaje kwamba hakusahau? Nikasema Ruthi hawezi kunitamkia vile kama si kweli. Miaka sita nilijiona mimi ndiye niliyeua. Mama yako alikufa akinifariji. Halafu Hatibu akaniita, nikafungua hedi, nikakuta silinda safi, injini haijawahi kuungua hata siku moja. Nilirudi hapa nina furaha, mwanangu. Nikasema sasa Ruthi akiniuliza, ninalo jibu."

"Si ungeniambia tu, Baba!"

"Hukuniuliza. Ulikuja na hukumu imeshaandikwa. Niseme mwenyewe, nionekane nasema mkweo mwongo ili mimi nitoke? Nikuvunjie nyumba?"

"Mume wangu, Baba. Si mkwe wangu."

"Ndiye huyohuyo, nimechoka." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Nikakungoja uniulize. Krismasi nilingoja. Pasaka nilingoja. Uliniuliza habari za mgongo, ukaniuliza habari za mbuzi."

Njia nzima kutoka Daluni nilikuwa nimewahesabu walionisaliti, na sikujihesabu mwenyewe. Edgar alisema uongo mmoja. Mimi ndiye niliyeubeba kwenye basi, nikauleta mpaka uani hapa, nikamtupia usoni mtu aliyenifundisha kuendesha. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Nilitaka kupiga magoti, lakini kupiga magoti sicho kitu alichokuwa anakingoja.

Nilishika ukingo wa bonet, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, si ya mwalimu.

"Baba. Siku ile, uliangalia maji?"

Akanyoosha mgongo.

"Niliangalia, mwanangu. Asubuhi, kabla sijawasha. Tena pale Muheza nilisimama, nikamwomba maji mama mmoja muuza machungwa, nikaongeza kikombe kimoja tu, yalikuwa hayajapungua sana. Nilipofika kwako nikafungua tena rejeta. Nikamwonyesha Edgar."