Vidole Vitatu

...vitatu, nasukuma cheni na vidole vitatu vinaingia, wakati juzi niliiacha mwenyewe kwenye viwili, na cheni ya pikipiki hailegei kwa kulala uani chini ya turubai, kuna mkono hapa, na ninaujua, ni wa Fundi Kikohozi, maana jana alipoirudisha baada ya kubadili oili nikamuuliza cheni vipi, akasema iko sawa kabisa bosi, akakohoa, na yule hakohoi mpaka adanganye, mtaa mzima unajua... nimechuchumaa, spana mkononi, kesho alfajiri safari, kilomita elfu tatu na ushee peke yangu, cheni ikiruka kwenye mteremko na mzigo ule nyuma, basi, kwisha habari yangu, na mke wangu kule jikoni anaimba, anaimba! mume anaondoka mwezi mzima, unaimba nini... "We bwana, chai inapoa!" Iache ipoe, nitajuaje imetiwa nini, haya, nimefika huko sasa, naogopa kikombe cha chai, lakini Jumanne nilimsikia kwa masikio yangu, nyuma ya ukuta huu huu, ananong'ona na Kikohozi, "Ilegeze kidogo, fundi, ila yeye asijue mpaka siku yenyewe," asijue! siku yenyewe! hapo mtu aelewe nini... na wiki nzima maswali, utapitia wapi, siku ya tatu unalala wapi, huko juu kuna baridi kiasi gani, mtu asiyejua klachi wala breki ghafla amekuwa mtaalamu wa barabara, na cherehani yake kimya, wateja kawaita wote wachukue nguo zao, hata suruali ya mwalimu iliyokaa hapa tangu mwaka jana, mtu anafunga kazi kwa nini kama si kuhama, mimi nikiondoka kesho, keshokutwa yeye na mwanamume mwingine wanapakia vitanda... "Umelala huko?" "Nakuja!" Usinikimbize, mama, kwanza nihakikishe kitu kimoja, begi, begi la turubai alilonishonea mwenyewe, na hapo moyo unanidunda kwa sababu nyingine, maana ndani ya bitana nimeficha vyeti vyangu, cha shule na cha udereva wa magari makubwa, na mtu anayekwenda kutembea mwezi mmoja arudi habebi vyeti, sema ukweli basi, hakuna anayekusikia, hukupanga kurudi, miaka tisa ya ndoa, minne tangu tumzike mtoto, tunapishana kwenye korido kama wapangaji, nimechoka, nilitaka pikipiki initoe hapa bila kuaga, halafu yeye ndiye ninayemwita msaliti, jamani... naingiza mkono, uzi niliouweka mimi haupo, pameshonwa upya, mshono wake, mdogo mdogo, nimeujua kwa kidole kabla ya macho, nafumua kwa kisu, mfuko wa nailoni upo, vyeti vipo, kimoja, viwili, vitatu... mimi niliweka viwili tu... cha tatu kimekunjwa mara nne, kinanukia sabuni ya kabatini kwake, cheti cha ufundi wa kushona, jina lake, picha yake, yule msichana wa mashavu niliyempenda mimi, si mwingine... kumbe aliona, aliona lini, amekaa na jambo hili siku ngapi huku ananipakulia chakula, akiniuliza baridi, baridi ya kwake!... na Kikohozi lazima alimweleza, si yeye aliyenifundisha hata mimi, cheni ya mtu mmoja vidole viwili, mkipanda wawili weka vitatu, uzito ukikaa inajivuta yenyewe, ukiibana inakatika, maneno hayo nayajua kama jina langu, na bado nimehesabu vidole nikaona mauaji... hata vikanyagio vya nyuma, vya abiria, vimefutwa vumbi na kutiwa grisi, nilikuwa natazama wapi... "We bwana! Bado unahangaika na hiyo cheni?" Haimbi tena, sauti inatetemeka, spana iko kwenye nati, nikirudisha viwili kesho natoka peke yangu kama nilivyopanga, na hatasema kitu, namjua, ataosha kikombe changu akiweke mahali pake... "Naiangalia tu." "Umeikaza?" Naishika cheni, ina mafuta mapya, vidole vitatu vinaingia. "Hapana, iko sawa," nasema, na sikohoi.