Maneno Yaliyozunguka Ngoma ya Mageni

Pale Nyahanga, mjini Kahama, ukitaka kujua nani kaachika, nani kaoa na nani kauziwa ng'ombe mwenye ukilema, hukuwa na haja ya kwenda mbali. Ulipita tu kwenye baraza la Mansukhlal, muuza vitambaa, ambako Mihayo fundi aliweka benchi lake. Mihayo alichonga huku anasema, na mkono haukuwahi kuungoja mdomo wala mdomo mkono. Vibao vya maduka, milango, vigoda vya watemi walioachishwa utemi, vyote alivitia maandishi kwa patasi, na kila akimaliza alipuliza vumbi na kusema, "Maandishi ya rangi ni poda, jua likiwaka yamekwenda. Ya kwangu ni chale."

Basi siku shangazi yake, Mageni, alipofika na ngoma juu ya mkokoteni, baraza zima lilikaa sawa. Ilikuwa ngoma kubwa ya mninga, pana juu kama sinia la pilau, ikienda ikipungua upana kuelekea chini. Aliichonga marehemu mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa ningi wa kundi la ngoma la Bagalu la pale, yaani kiongozi na mwimbaji wao. Sasa ningi alikuwa Mageni mwenyewe, na pamba ikishavunwa tu angekutana uwanjani na wapinzani wao, Bagika wa Cornel, karani wa kiwanda cha kuchambulia pamba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nataka maneno yalizunguke tumbo la hii ngoma kama mkanda: *Sisi wenye uwanja, wageni ni ninyi*. Cornel ya kwake kayaandika kwa rangi nyekundu, mbele. Unaweza, au nimtafute mwingine?"

"Mimi, shangazi? Mimi Mihayo? Nikishindwa nahamia kwa Bagika, nawabebea maji!"

Watu wakaangua kicheko. Mageni hakucheka. Alikuwa anaupapasa ule mti kama mtu anayempapasa ng'ombe wake wa mwisho.

"Maji utabeba, sawa. Lakini ngoma nyingine sina, ng'wanawane, mwanangu. Nusu ya wachezaji wanasema mwanamke hawezi kuwa ningi. Ukiniharibia hii, watamfuata Cornel siku hiyohiyo, na kundi la marehemu ndiyo basi."

Mihayo alijipiga kifua, akaanza.

Ngoma si ubao. Ubao unalala ukikungoja, ngoma inabingirika. Akailaza juu ya gunia la mbegu za pamba, na badala ya mkono kuizunguka ngoma, ngoma ndiyo ikawa inageuzwa chini ya mkono. Herufi alizichora kwanza kwenye ukanda mrefu wa karatasi, akazipima kwa rula, akabandika mwanzo wake kwa uji wa muhogo, akashika patasi. SISI ikatoka safi. Kwenye WENYE akapunguza pumzi, maana mistari ya kusimama hufuata nyuzi za mti, na patasi ikipata nyuzi hukimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Nayo ikatoka. Wapita njia wakasimama, wakasifu. Mihayo akawasimulia habari za bwana mmoja wa Isaka aliyefumaniwa ndani ya ghala la karanga, akawa anabandika karatasi iliyobaki bila hata kuitazama.

Kicheko kilitokea dirishani. Alikuwa Vasanti, mke wa Mansukhlal, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Anar, amekaa nyuma ya cherehani yake.

"Are, Mihayo! Maneno yako yanakwenda wapi? Yanapanda Kilimanjaro?"

Mihayo akatazama. Ukanda ule, ulioanzia katikati ya tumbo la ngoma, ulikuwa umepanda kidogokidogo, na mwisho wake ulikuja kukutana na mwanzo ukiwa kiganja kizima juu yake. Akauvuta chini kwa nguvu, ukafanya makunyanzi. Hata E ya mwisho ya WENYE, iliyokwisha kuchongwa, ilikuwa imeinua kidevu.

 Mtu mmoja barazani akasema polepole, "Ndoo za maji ziko kwa Cornel."

"Hiyo karatasi umeikata imenyooka kama reli," Mama Anar akasema, ametoka sasa na mkasi mkononi. "Ngoma yako imenyooka?"

"Ingenyooka ingekuwa bomba, Mama Anar."

"Basi. Kitu chembamba chini, kipana juu, ukikivalisha mkanda wa reli lazima upande. Mimi pindo la sketi ya kupanuka silikati kwa rula. Nakata mwezi."

Akachukua gazeti, akaivalisha ngoma kama anavyompima bibi harusi, akabana kwa pini, akakata palipozidi. Alipolibandua na kulilaza sakafuni, lilikuwa limepinda kama mwezi mchanga. Akaliviringisha tena kwenye ngoma, likakaa sawasawa, mwisho ukabusu mwanzo.

Mihayo akapitisha kidole pale mwisho ulipokutana na mwanzo. 

"Mama Anar, wewe ungekuwa mwanamume ningekuogopa."

"Niogope hivihivi. Chonga."

Mihayo akachora herufi upya kwenye gazeti, akachonga. Mstari ukatembea tambarare mpaka ukarudi ulikoanzia. Ile E alijitahidi kuishusha kwa kuongeza kina chini, lakini kidevu chake hakikushuka chote. Mageni alipokuja kuichukua ngoma aliizunguka mara mbili, akagusa ile E, akasema, "Huyu mkaidi namjua, ni wa ukoo wetu." Akaondoka nayo.

Sasa, mbina, ngoma za mashindano za Wasukuma, hazina jaji wala kura. Makundi mawili hupiga ngoma uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watu huhama kwa miguu yao. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi, na aliyebaki na wapigaji wake tu hukunja mikeka.

Siku yenyewe ilipofika, Cornel alianza na watu. Ngoma yake yenye wekundu wa pilipili ilisomeka kutoka mbali: BAGIKA MOTO. Wakaisoma, wakashangilia, wakajazana. Upande wa Mageni walikuja wachache, na Cornel akapita mbele yao na filimbi shingoni, akaitazama ngoma kutoka alipokuwa.

"NJA WAGE!" akasoma kwa sauti. "Jamani, Bagalu wamezaa, mtoto wanamwita Njawage!"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Mihayo alihisi ndoo za maji zikimning'inia mabegani. Kweli, ngoma ilikuwa mviringo. Popote uliposimama uliona kipande tu. Wachezaji wawili wa Mageni wakaanza kutazama upande wa pili.

Lakini ilikuwa miaka ya ngumbaru. Watu wazima walikuwa wakifundishwa kusoma kila jioni, na mtu aliyepata herufi juzi husoma kila kitu: viberiti, mifuko ya mbolea, kanga za wake za watu. Bibi mmoja mfugaji aliyeitwa Limi hakuridhika na Njawage. Akasogea, akaweka kidole ndani ya herufi, maana zilikuwa za kina, kidole kinaingia, akaanza kuisoma ngoma huku anaizunguka. "Wa... ge... ni..." Nyuma yake akaja mzee mwingine na kidole chake. "Wewe bibi, hapa si mwanzo!" "Mwanzo uko wapi?" "Kabla ya hii E iliyoinua kidevu!" "Hiyo si E, hiyo ni mkweo!" Wakabishana wakitembea, na waliotaka kujua wanabishana nini wakaingia nyuma yao.

Mageni aliona. Akawapigia wapigaji makofi, akabadilisha mdundo, akauweka kwenye hatua za miguu ya wale wasomaji. Kusoma kukawa kucheza. Mduara mmoja ukazaa mwingine nje yake, na kila aliyemaliza maneno yote aliyapaza kwa fahari, "Sisi wenye uwanja, wageni ni ninyi!", akarudia mzunguko ili amwoneshe mwenziwe. Mihayo alipiga kelele kuliko wote, akimwambia kila mtu kwamba mwezi ule aliukata Mama Anar, mke wa Mansukhlal, na wasiojua kukata mwezi wakae kimya.

Jua lilipogusa miti, upande wa pili walibaki wapigaji na wake zao. Cornel akaja, filimbi mfukoni, akasimama mbele ya ngoma. Ujuzi wake wa kusoma ulikuwa wa ofisini, wa mstari ulionyooka.

"Mageni," akasema, "hili neno lenu linaanzia wapi?"

Mageni alikuwa ameketi juu ya kigoda, anajifuta jasho.

"Anzia hapo ulipofikia, mgeni wetu," akasema. "Ila uzunguke."