Taa Iliyozibwa Mdomo

Fundi Ngoja hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alibatizwa na wateja, maana neno lake lilikuwa hilohilo: ngoja kwanza. Gari linakohoa, ngoja kwanza. Mwenye gari ana haraka, basi hapo ndipo angengoja zaidi. Watu walimsema sana, na walirudi kwake vilevile, kwa sababu gari likitoka mkononi mwake limepona, basi limepona. Sasa mimi nawasimulia ile siku moja aliyosahau kusema ngoja.

Gari lenyewe lilikuwa la nyumbani kwake, la dizeli, mkewe ndiye aliyeliendesha. Taa ya injini ilikuwa imewaka, na kila likikuta mlima linagoma kuvuta, linatambaa kama mgonjwa aliyetoka kitandani. Ngoja akachomeka mashine ya kupimia. Mashine ikasema sensa ya joto la moshi inaonyesha joto lililopita kiasi.

Sensa hiyo ni kijiti cha chuma tu, chembamba kuliko kidole, kimekaa kwenye bomba la moshi karibu na chujio la masizi. Kazi yake ni moja: kuiambia injini, "Jamani, huku nyuma kunaungua, punguza mwendo." Ngoja akafuata waya wake mwanzo hadi mwisho, hakuona palipokatika. Akasafisha plagi yake. Akafuta kosa kwenye mashine, akawasha gari, kosa likarudi. Basi, akajisemea, sensa imekufa. Kitu kinachochomwa moto kila siku kisife kwa nini? Akatafuta mpya madukani, hakuna. Ya kuagiza, asubiri.

Na tuseme ukweli, aliona na jambo lingine. Bomba, pale linapoingia kwenye chujio, lilikuwa limegeuka rangi, lina ubuluu wa chuma kilichopikwa. Alilitazama, akajiambia hilo la zamani. Siku nyingine angelala chini ya gari asubuhi nzima kwa sababu ya ubuluu ule. Lakini siku hiyo mama mkwe wake alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa gereji, mkoba mapajani, anamngojea.

Mama mkwe jicho moja lilikuwa limeshafunga ukungu, na la pili lilikuwa njiani. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitali ya ng'ambo ya mlima, na zamu yake ya kupasuliwa ilikuwa asubuhi hiyo. Akiikosa, hakuna ajuaye watarudi lini, na ukungu haungoji mtu. Haya, ongeza na hili: siku ya posa, mama huyu aliuliza mbele ya wazee, "Fundi? Fundi wa kulala chini ya magari?" Watu wakacheka, Ngoja naye akacheka, ila lile neno lilimkaa rohoni. Tangu hapo aliapa mama mkwe hatamsikia akisema sijui.

"Fundi," mama mkwe akaita. Hakuwahi kumwita kwa jina lingine. "Gari limepona?"

Mkewe Ngoja alikuwa amesimama pale, funguo mkononi, anamtazama mumewe usoni.

"Limepona, mama," Ngoja akasema.

Lo! Ulimi hauna mfupa. Akaingia chini ya gari, akaifungua sensa, akaitia mfukoni, tundu lake akaliziba kwa bolti. Kwenye plagi yake akachomeka rezista, kidude kidogo kinachoidanganya injini kwamba joto ni la kawaida, leo kawaida, kesho kawaida, hata kukiwa na tanuri. Yeye mwenyewe alikuwa akiwacheka mafundi wa namna hiyo. Aliwaambia, mnamziba mlinzi mdomo halafu mnasema mtaani hakuna wezi. Akafuta kosa, akawasha gari. Taa ikazimika. Injini ikavuma vizuri.

"Una uhakika?" mkewe akamwuliza kwa sauti ya chini.

"Nenda bwana, mtachelewa."

Mama mkwe akapanda kiti cha nyuma, akajiegemeza kwenye mto aliokuja nao, wakaondoka.

Ngoja akashika kazi nyingine, kazi haikushikika. Bolti zilimponyoka. Mkono ulikuwa unaingia mfukoni wenyewe kuigusa ile sensa. Mwishowe akasema hebu niipime, roho itulie. Akabandika maji kwenye jiko, akaizamisha ncha ya sensa, akaunganisha mita kwenye waya zake. Sensa mbovu haina adabu: namba hurukaruka, au hukaa kimya kama jiwe. Hii haikuruka. Maji yalipopata moto, namba ikapanda polepole. Akaitoa, ikashuka polepole.  Akavuka kwa jirani yake, mchomeleaji vyuma, akaitia kwenye ndimi za moto hadi ncha ikawa nyekundu. Namba ikapanda vizuri kabisa, bila kukatika.

"Nzima hiyo," mchomeleaji akasema. "Mbona umekunja uso kama umefiwa?"

"Nzima," Ngoja akasema. "Ilikuwa inasema kweli."

 Kama sensa ni nzima, basi joto ni la kweli. Dizeli isiyoungua inavuja kutoka kwenye nozeli, vile vimdomo vinavyonyunyizia injini mafuta, inakwenda kuwakia ndani ya chujio. Gari lilipogoma mlimani halikuwa linaringa, lilikuwa linajiokoa. Na yeye amelizibia mdomo, amelipeleka kwenye mlima mrefu kuliko yote, likiwa na nguvu zake zote. Na chujio liko wapi? Liko chini ya kiti cha nyuma.

Akampigia mkewe. Simu ikaita hadi ikakata. Akapiga tena. Ah, mkewe hapokei simu akiwa kwenye usukani, na aliyemkataza ni nani? Ni yeye Ngoja, alimwapisha mbele ya watoto: simu mkobani, imenyamazishwa.

Ikabaki namba moja. Alikuwa nayo miaka yote na hajawahi kuipiga hata mara moja. Mama mkwe hapigiwi simu hivihivi, salamu zake hupitia kwa bintiye. Akabonyeza, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mkweo, mama. Mama, naomba..."

"Ee! Leo jua limetokea upande gani? Hujambo?"

"Sijambo, mama, naomba umwambie..."

"Watoto wamekwenda shule?"

"Wamekwenda, mama, ila hilo gari..."

"Uji wamekunywa? Maana yule mdogo namjua, bila kusimamiwa hanywi."

"Wamekunywa, mama, mama nisikilize..."

"Kumbe namba yangu unayo. Na nilipougua kifua ulikuwa huna?"

Sasa wewe ungefanyaje? Mkwe hakatizwi salamu. Na nyuma ya sauti yake Ngoja aliisikia injini ikipanda, ikivuta kwa raha zake.

"MAMA!" akapiga ukelele, mtaa mzima ukageuka. "Nyamaza! Simamisheni gari! Shukeni! Shukeni sasa hivi!"



"Unamfokea nani?" mama mkwe akauliza. Simu ikakatwa.

Akapiga tena. Imezimwa. Akageuka, akamkuta mchomeleaji amesimama mdomo wazi.

"Umemfokea mama mkwe?"

"Nimemfokea."

Mchomeleaji akazima moto wake, akachukua ufunguo wa pikipiki. "Panda. Mtu hamfokei mama mkwe bila sababu."

 Njiani Ngoja alikuwa akitazama juu ya miti, kila kona akitafuta moshi na kila kona akiomba asiuone. Aliwaza watoto watakaporudi shule, nani atawafungulia mlango. Aliwaza neno "limepona", lilivyotoka kirahisi. Wakaanza kupanda mlima. Akasikia harufu ya mpira ulioungua, akamshika mchomeleaji mabega hadi yule akalalamika.

Kwenye kona ya juu wakaliona. Gari lilikuwa pembeni ya barabara, milango wazi, moshi mweusi unatoka chini yake. Majani makavu yalikuwa yanawaka. Mkewe alikuwa anatupa mchanga kwa mikono, analia, anakohoa. Mbali kidogo, juu ya jiwe, mama mkwe amekaa wima, mkoba mapajani.

Wakarukia mchanga wote watatu, hadi moto ukafa.

"Alinisimamisha," mkewe akasema, bado anahema. "Alisema hawezi kukaa kwenye gari la mtu aliyemfokea. Eti atakwenda kwa miguu! Nikasimama nimbembeleze, akashuka, akaanza kutembea kweli. Nikamfuata. Nageuka nyuma, naona moshi."

Ngoja akachungulia kiti cha nyuma. Zulia lilikuwa limeyeyuka na kiti kimetoboka. Mto wa mama mkwe ulikuwa umeungua nusu, unafuka.

Akaenda hadi kwenye lile jiwe, akapiga magoti kokotoni.

"Mama, nisamehe. Nilikudanganya. Gari halikuwa limepona. Sikuujua ugonjwa wake, nikaona haya kukuambia sijui."

Mama mkwe akamgeuzia lile jicho lililobaki.

"Na ile taa je?"

"Ilikuwa inasema kweli, mama. Mimi ndiye niliyeiziba mdomo."

 Mama akamwuliza mchomeleaji hospitali imebaki mbali kiasi gani, akaambiwa ni mteremko tu wa upande wa pili. Akainuka, akaitazama pikipiki, chombo ambacho hajawahi kukipanda maisha yake yote.

"Nipandisheni," akasema.

Wakampandisha. Akamkumbatia mchomeleaji kiunoni, mkoba katikati yao, uso ameukunja kwa woga. Pikipiki ikawashwa.

"Fundi!"

"Naam, mama."

"Siku nyingine nifokee mapema."

Wakaondoka. Mchomeleaji alikuwa anaendesha taratibu, na hata kwa mbali mama alisikika akimwambia apunguze mwendo. Ngoja akacheka, kicheko cha mtu aliyekoswakoswa, akageuka amwangalie mkewe wacheke pamoja.

Mkewe hakuwa anacheka. Alikuwa ameutoa ule mto garini, ameushika kwa mikono miwili.

"Mimi nilikuuliza," akasema.

Ngoja akautazama ule mto.

"Uliniuliza," akasema.