Kila Njia Iliishia Villawood

Jumamosi moja ya Julai 2021, Sydney ikiwa imefungwa kwa sababu ya korona, Cirhuza alitoka nyumbani kwao Fairfield kwenda kununua unga wa bugali. Duka lilikuwa mwisho wa mtaa. Alifika mwisho wa mtaa, akakata kona, akajikuta Villawood, mbele ya lango la kituo wanakozuiliwa wahamiaji. Aliutazama uzio kidogo, akapandisha barakoa puani, akageuka. Kurudi hakukuwa na shida. Alifika nyumbani mikono mitupu, mama yake akapika viazi.

Kaka yake, Bahizire, alikuwa ndani ya uzio ule. Alipigana nje ya baa, akafungwa, akamaliza kifungo chake chote. Siku ya kutoka akapokelewa na watu waliomwambia kwamba viza yake imefutwa. Walitoka Kongo wakiwa watoto wadogo, wakapitia kambini, na huko alikotakiwa kurudishwa Bahizire hakuwa na hata mtu mmoja wa kumfungulia mlango. Sasa korona ilikuwa imefunga mipaka, kumrudisha hakukuwezekana, na wiki ile hata wageni walikatazwa kumtembelea. Basi alikaa tu, kama mzigo uliokosa gari.

Cirhuza alimpenda kaka yake, na alikuwa amemchoka. Alikuwa na miaka ishirini na mambo yake mwenyewe. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea kazi ya kutunza wazee huko Quakers Hill, na ilimpasa aende mwenyewe kujiandikisha kabla ya mwezi kuisha. Alijaribu treni; milango ikafunguka Villawood. Alijaribu kwa miguu kutwa nzima, akafika langoni na malengelenge. Polisi alimsimamisha, akapima kwenye simu, akaona kijana hajavuka kilomita tano zilizoruhusiwa, akamwacha aende zake.

Mchungaji alimwombea kwa Zoom, akaikemea roho ya kupotea. Jirani yao Kariuki, Mkenya asiyependa upuuzi, alimwambia apande gari. Walishika barabara kuu, simu ikiwaelekeza, hadi simu yenyewe ikatangaza kwamba wamefika. Lilikuwa lango lile lile.

"Aisee, hii map imekataa," Kariuki akasema. "Shuka tu bro, nisichelewe shift."

Mama yao, ambaye watu humwita Mama Bahizire kwa jina la kifungua mimba wake, aliona hakuna haja ya safari kwenda bure.

"Kama miguu inakupeleka kule kila siku, si ubebe sombe ya yaya yako?" Yaya, kwa Wakongo, ni ndugu mkubwa, na sombe ni kisamvu.

"Mama, hawapokee chakula. Ni COVID rules."

"Wewe beba tu. Hatakula, lakini atajua tulipika."

Akabeba. Walinzi walikikataa chakula kwa adabu. Cirhuza akakaa ukingoni mwa barabara, akala yeye, huku akimpigia Bahizire simu amweleze chumvi ilivyo.

"Pilipili iko?" Bahizire akauliza.

"Iko."

"Kula polepole, basi."

Mwezi uliisha, na nafasi ya Quakers Hill akapewa mwingine. Siku hiyo Cirhuza alilia waziwazi mbele ya lango, akamtukana kaka yake kwa sauti, na walinzi wakajifanya wanatazama simu zao. Penye nia pana njia, wahenga walisema. Cirhuza njia alikuwa nayo moja, akaamua kutafuta kazi pale ilipoishia. Jirani na kituo kulikuwa na kiwanda cha kufua mashuka. Msimamizi wake, Candide, mama wa Kirundi, alimwuliza swali moja tu.

"Utafika kwa time kila siku?"

"Siwezi kufika kwingine, mama."

Akapewa aproni.

Mji ulifunguliwa, watu wakaenda kuogelea baharini, Cirhuza akaendelea kufua. Kituoni, kila wageni waliporuhusiwa, mtu aliugua ndani na wakakatazwa tena. Alikuwa ameacha kushindana na barabara, na hilo lilimpa amani ya mtu aliyechoka. Jioni alisimama langoni, akampigia Bahizire, wakaongea mpira.

Asubuhi moja ya mwaka uliofuata alitoka kwenda kazini, akakata kona, akajikuta kwenye uzio wa uwanja wa ndege. Ndege ilikuwa inapaa. Aliitazama mpaka ikawa ndogo kama inzi, kisha ikaisha. Alimpigia Candide kumwambia kwamba leo hatafika. Halafu akampigia mama yake.

"Mama, yaya wamemubeba."

Mama hakuuliza amejuaje. Aliuliza kama Bahizire alikuwa na sweta.

Ofisi ya uhamiaji ilipiga simu kesho yake, kusema kwamba Bahizire amehamishiwa kisiwani, mbali baharini. Barabara haifiki huko.

Tangu hapo Cirhuza akienda dukani anafika dukani. Chuo kilimpa nafasi tena. Siku ya kwanza alipanda treni, akashuka Quakers Hill, akawa wa kwanza darasani. Mwalimu alimwuliza kama alipata shida kufika. Cirhuza akajibu kwamba hapana, njia ilikuwa nyeupe.