Usiku wa Saa Sita Mchana

Shangazi alikuwa mpokea simu wa hospitali kwa miaka kumi na tisa, naye hakuwahi kuuona mwanga tangu kuzaliwa. Sauti za madaktari alizijua zote, na namba za wodi alizihifadhi kichwani. Ila kila baada ya majuma machache usingizi ulikuwa ukimvamia adhuhuri, simu zikalia mbele yake zisipokewe. Msimamizi akamwandikia barua: ana siku kumi za kueleza kwa nini asiachishwe kazi kwa uvivu.

Ndipo alipojitolea katika utafiti wa saa ya mwili, ghorofa ya juu. Watafiti walipima melatonini, homoni ya usingizi ambayo mwili huimimina katika damu giza liingiapo, na ambayo mchana hupungua hata ikakaribia kutoweka. Damu ilitolewa kila saa, usiku na mchana, na aliyeitoa ni muuguzi, binti wa kaka yake. Kwa kuwa mwanga huivuruga homoni hiyo, mapazia yalishushwa na taa zikapunguzwa.

"Mnanizimia taa mimi?" Shangazi akauliza, na chumba kizima kikacheka.

Majibu yalipotoka, kicheko kilikwisha. Kichupa cha damu ya saa sita mchana kilikuwa na melatonini nyingi kuliko vyote, na cha usiku wa manane kilikuwa nayo kidogo mno. Daktari mtafiti alikiri kwamba kwa asiyeona mwanga saa ya mwili huweza kuhama kidogo kidogo kila siku, hata usiku wake ukaangukia mchana. Lakini kosa la mkono, alisema, lilikuwa jepesi zaidi kuaminika. Akamtaka muuguzi atie saini kwamba alichanganya vibandiko.

"Kila kichupa nilikibandika kabla sijagusa kingine," muuguzi akajibu. "Saini yangu hamuipati."

Shangazi naye akaweka sharti lake. Apimwe upya, mapazia yawe wazi, na msimamizi aje aandike vibandiko kwa mkono wake mwenyewe. Daktari akaonya kwamba mwanga utaharibu kipimo.

"Utamharibia anayeuona," Shangazi akajibu.

Siku ya pili jua lilijaa chumbani. Msimamizi aliketi na saa yake na kalamu, akiandika kwa uso uliokunjamana. Ilipokaribia saa sita, Shangazi akaomba mto.

"Sasa nalala, tena mbele yako, bwana msimamizi. Aliyeugawa usiku ndiye aliyenipa wangu. Mwanangu, ukichoma usiniamshe."

Akalala fofofo, na msimamizi hakuwa na la kufanya ila kuandika saa.

Majibu yakaja yaleyale, yakiwa na mwandiko wa msimamizi. Alimfuata Shangazi mezani pake, akasema kwa sauti ya chini kwamba ile barua arudishiwe tu, yaishe.

Shangazi akaifunika barua pale mezani kwa kiganja.

"Hii inabaki kwangu. Wewe kaniandikie nyingine, ya kunipangia zamu kwa kufuata usiku wangu, si wako."

Simu ikalia. Akaipokea kabla ya mlio wa pili, na msimamizi akabaki amesimama, akisubiri amalize.