Aliyemtoa Kavoi Garini

Khamala hunuka chuma kilichoungua. Anaoga, anajipaka mafuta, na bado harufu iko pale pale. Zamani jioni akirudi kutoka kibandani kwake Laini Saba, Kibera, harufu ndiyo ilitangulia kuingia, halafu yeye, halafu Lavender wetu anaangusha kijiko na kumkimbilia. Sasa ni mwaka mmoja na miezi saba tangu aende kwao Bungoma. Nimebaki na fulana yake ya kazi. Sijaifua.

Aliondoka kwa sababu ya neno moja: kiherehere.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, Khamala akichomelea mlango wa mteja. Gari dogo likaja kwa kasi kando ya reli, dereva ameshika simu, likakosa kona na kulala ubavu mtaroni huku likitoa moshi. Watu walirudi nyuma wakingoja lilipuke. Khamala alichukua mtaimbo akavunja kioo, akamvuta yule dereva, mtu anayeitwa Kavoi, hata akamtoa. Kamba ya begi la Kavoi ilikuwa imejisokota mkononi mwa huyo dereva, kwa hivyo begi nalo likatoka. Ndipo gari likateleza na kumlalia Khamala mguu.

Sasa fikiria waliokuja mbio kutoka ng'ambo ya reli. Wanaona gari limeanguka, mwenye gari amezimia, na kijana wa mtaani chini ameshika begi. Kibera kila mtu anajua ni nani hufika wa kwanza penye ajali, na hufuata nini mifukoni. Mmoja akasema mwizi. Mawe yakaokotwa.

Aliyemwokoa ni mwenye nyumba wetu, Bi Mabrouka, mama wa Kinubi ambaye wapangaji wa ploti nzima tunamwita Habuba, yaani nyanya. Alijitupa katikati na buibui lake akasema huyu ni wa hilo gari, walikuwa wameketi pamoja. Mawe yakawekwa chini, na mikono ile ile ikainua gari. Polisi alipofika akauliza majeruhi ni nani, akajibiwa hivyo hivyo, akaandika: dereva na abiria.

Mguu uliunganishwa, lakini haukurudi kuwa mguu wa kusimamia kazi kutwa. Tulipopeleka madai kwa bima ya gari, tukajibiwa kwamba Kavoi alisema alikuwa peke yake. Hakumbuki kutolewa na mtu. Huyo abiria basi ni wa kubuni.

Kule vibandani wenzake walimwita Bwana Zimamoto. Wakimwona anachechemea wanamwambia ana kiherehere, wanamuuliza nani alimtuma, wanacheka, wanamnunulia chai. Hawakuwa na ubaya. Lakini nilimwona akianza kujiuliza swali hilo mwenyewe, akiwa amekaa kitandani, na hakuwa anacheka. Akaniambia anaenda nyumbani mpaka mguu upone. Mguu ulipona pale ulipoweza, na yeye hakurudi. Nikipiga simu ananiambia, "Mama Lavender, mimi nilijipeleka. Mtu akijipeleka hadai." Kisha anaomba kuongea na mtoto.

Nilihamia Kawangware kwa sababu kazi ya kufua nguo niliipata upande huo, nikaanza masomo ya jioni ya watu wazima katika ukumbi wa kanisa. Kuna jioni alikuja wakili, Wacera, kutufundisha haki zetu. Wengine waliuliza mambo ya mashamba. Mimi nilingoja wamalize, Lavender amelala mgongoni, nikamuuliza kama mtu aliyejipeleka anaweza kudai.

Alinifafanulia taratibu. Sheria inamuuliza dereva kwanza: ulikuwa mzembe? Ukiwa mzembe ukajiweka hatarini, ulipaswa kujua kwamba mtu hawezi kukuangalia ukifa. Atakuja. Akiumia akikutoa, umemuumiza wewe. Sikulala vizuri siku hiyo. Nilitaka Khamala ayasikie maneno hayo, lakini si kutoka kwangu. Mimi ni mke wake, nikimwambia hakukosea anaona namhurumia.

Shida ilikuwa kile kitabu cha polisi. Wacera alisema bila Habuba kuukana ule uongo, hatuna kesi.

Nikaenda Kibera. Habuba alikuwa akichambua mchele, nami nikakaa nikachambua naye. Nilipomweleza, aliinamia ungo. Akasema yeye amehiji. Aende asimame mbele ya watu aseme alimdanganya askari? Na wakimfunga? Sikumlazimisha. Ni yeye aliyempa mume wangu uhai, ningemdai nini zaidi? Tukamaliza mchele. Nikiwa mlangoni akaniuliza kama Khamala bado anaimba akioga, maana alikuwa akiwaamsha ploti nzima.

"Sijui, Habuba," nikasema. "Sijamsikia siku nyingi."

Baada ya wiki alinipigia akauliza korti ni lini. Wacera alimpeleka kwanza kituoni, askari akanung'unika, akaandika maelezo mapya.

Khamala alikubali kutoa ushahidi kwa kuona haya tu, kwa sababu Habuba ameingia. Alifanya hivyo kwa video akiwa Bungoma. Sikuwa nimejiandaa. Sura yake ilitokea kwenye skrini ya korti, kubwa, ndevu zimemea, shati la kakake. Lavender akanyoosha mkono. Nikaushusha, na wangu nikaukalia.

Wakili wa Kavoi akamuuliza, "Nani alikutuma kwa hilo gari?"

"Hakuna," Khamala akasema. "Alikuwa anagonga kioo."

Kavoi, aliyeketi mbele yetu, aliinamisha kichwa na hakukiinua mpaka mwisho.

Kwa Habuba yule wakili alikuwa mkali. Alimuuliza, ikiwa alidanganya siku ile, leo aaminiwe kwa nini.

"Siku ile walikuwa na mawe, mwanangu," Habuba akamjibu. "Leo hapa sioni mwenye jiwe."

Hukumu ilisomwa wiki sita baadaye. Hakimu alisema aliyepindua gari kwa uzembe ndiye aliyemwita mwokoaji, na kumkimbilia mtu anayegonga kioo si ujinga wala kujitakia. Kavoi ana lawama asilimia tisini. Kumi ni za Khamala, kwa kuingia kabla gari halijawekewa gogo la kulizuia lisiteleze.

Nilimpigia nikiwa bado kwenye ngazi za korti, nikamsomea vile nilivyoandika kwenye daftari langu la shule, neno kwa neno.

"Hiyo kumi ni yangu," akasema. "Gogo lilikuwa hapo kando. Nililiona."

"Na tisini?"

"Na tisini si zangu."

Kuku walikuwa wanalia huko kwake.

"Hapo Kawangware," akauliza, "nyumba ni ya chini ama ni ya kupanda ngazi?"

Tangu nihame alikuwa hajawahi kuniuliza ninakaa wapi.

"Ni ya chini."

"Choo?"

"Nje. Hatua kama ishirini."

"Ishirini nitaziweza," akasema.