Kikumbusho kwa Wahitimu

Kaka mtu alikuwa mwingi wa maneno akiwa kazini tu, na kazi yake ilikuwa kuuza bima. Nyumbani alizungumza kwa majedwali. Jumatatu hiyo jioni alitandaza moja juu ya meza ya chakula, akasogeza kikopo cha chumvi ili safu ya mwisho ionekane vizuri, akamwita dada yake.

Dada alikuwa msaidizi katika maktaba ya manispaa, mwaka wa kumi na moja kwenye meza ya kuazimisha vitabu. Watoto waliokuja kusoma pale walimwita Bibi Kimya, na yeye alilipokea jina hilo bila kinyongo, maana hawakumsingizia. Sasa mkutubi mkuu alikuwa ametangaza kwamba kuanzia Januari, asiye na shahada ya ukutubi, au asiyejiandikisha kuisomea, hatakaa tena mezani. Atahamia stoo, kwenye magazeti ya zamani. Bibi Kimya aliwahi kushika stoo wiki mbili, mwenzake alipokuwa likizo, na alichokumbuka ni kwamba magazeti hayamuulizi mtu kitu. Yeye alipenda kuulizwa. Alimpenda hata yule msomaji anayekuja na kusema anataka kile kitabu chenye jalada la bluu, basi, hana la kuongeza.

Ada angelipa kaka. Fomu yenye saini ya mlipaji ilitakiwa Ijumaa, saa sita mchana.

"Vyuo ni viwili," alisema kaka, akigonga karatasi kwa kalamu. "Wahitimu wa chuo cha mlimani, miaka mitatu baada ya kumaliza, wanapata wastani wa laki tisa kwa mwezi. Wa chuo cha bondeni, laki nne na nusu. Mimi naona tumemaliza."

"Bondeni wanafundisha kukarabati vitabu, kaka. Na huduma za watoto."

"Wanafundisha kwa laki nne na nusu."

Wifi yake, aliyekuwa anafuta meza kuzunguka jedwali, alisema kwamba laki tisa ni pesa nzuri kwa mtu wa kukaa kimya.

Bibi Kimya alikwenda na karatasi kitandani, akaisoma kama anavyosoma kila kitu, yaani kuanzia maandishi madogo ya chini. Huko chuo cha mlimani kilikiri kwamba walioulizwa ni wahitimu thelathini na mmoja, na waliojibu ni wanne. Akakaa wima. Kwa msaidizi wa maktaba, vitu ishirini na saba visivyojulikana viliko si jambo la kulalia.

Kesho yake alitafuta kijitabu cha mahafali ya chuo hicho, ambacho kilikuwa rafu ya chini kabisa na hakijaazimwa na mtu tangu kiletwe. Majina akayapata humo, anwani za barua pepe akazipata kwenye orodha ya chama cha wakutubi, akaketi kuwaandikia. Aliuliza mawili tu: unafanya kazi gani, na unalipwa kiasi gani. Na kwa kuwa kwa miaka kumi na moja alikuwa akiandika barua za aina moja, aliandika juu ya fomu ile ile ya kuwakumbusha waliochelewesha vitabu, bila hata kufikiri. Mwisho wa fomu hiyo pana mistari miwili ambayo macho yake yalikuwa yameshaacha kuiona: *Tafadhali timiza wajibu wako ndani ya saa ishirini na nne. Ukikaidi, utatozwa faini na jina lako litabandikwa mlangoni.*

Kufikia Jumatano jioni walikuwa wamejibu ishirini na sita.

Walijibu kwa adabu ya kutisha. Mmoja aliambatisha hati ya mshahara. Mwingine alieleza kuwa alikuwa anauguliwa, ndiyo maana amechelewa kwa dakika arobaini. Mwanamke mmoja alifika mwenyewe maktabani na kitabu cha ufugaji wa nyuki alichokiazima akiwa mwanafunzi, akakiweka mezani, akaomba jina lake lisibandikwe. Bibi Kimya alikigonga muhuri. Aliona aibu, akaona pia kuwa kuomba radhi kungechelewesha kazi.

Wale wanne wa mwanzo walijulikana, maana kila mmoja alilalamika kwamba chuo alishakijibu. Mmoja anauza vigae, laki kumi na nne. Mmoja anasimamia kituo cha mafuta cha baba mkwe, laki tisa. Mmoja yuko benki, laki nane. Wa nne ndiye pekee aliyebaki na vitabu, kwa wakili mmoja, laki tano. Waliosalia, ishirini na wawili, wote walikuwa maktabani huku na kule, na wastani wao ulikuwa laki nne na nusu. Bondeni kabisa.

Alhamisi alikwenda kwa kaka na jedwali lake mwenyewe, lenye mistari iliyonyooka zaidi. Kaka alilisoma mara mbili. Kisha akachukua kikokotoo, akapiga hesabu ya ada kwa mshahara, akaona pesa yake ingechukua miaka saba kurudi.

"Kwa hiyo hakuna hata kimoja kinacholipa," alisema.

"Hakuna."

"Na umeniletea mwenyewe. Siku moja kabla ya kusaini."

"Ungesaini kwa ajili ya muuza vigae, kaka."

Kaka alikuna kidevu. Hakuonekana kukasirika, alionekana kama mteja.

"Hao ishirini na sita," alisema, "wangapi wanajuta?"

"Sikuwauliza."

"Si ndilo swali lenyewe?"

Bibi Kimya aliangalia mikono yake. Stoo ilikuwa karibu sana.

"Niliogopa wasije wakasema wanajuta wote," alisema. "Na wangesema wote, bado ningetaka kwenda. Nilikuwa nimeshaamua, kaka. Ndiyo maana sikuuliza."

Kaka aliivuta fomu ya chuo cha bondeni, akajaza jina lake kwa herufi kubwa, akatia saini, akaupuliza wino ukauke. Dada mtu akashusha pumzi ambayo bila shaka aliishika tangu Jumatatu, na kwa furaha akauliza jambo ambalo hakuwahi kumuuliza.

"Na wewe je? Ulipoingia kwenye bima, uliuliza wanapata kiasi gani?"

"Niliuliza," alisema kaka. "Niliuliza kila mtu. Hilo tu."

Akamkabidhi fomu, akainama kutafuta kifuniko cha kalamu chini ya meza, na akakitafuta muda mrefu.